Muulize Mtu wa Miti: blugamu, mafuriko na mbuzi asiye na meno

Mwezi huu barua zimetoka sana Nakuru, uwanda wa Kano na huko Magharibi, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: hii miti kila mtu anatuambia tupande, inatusaidia ama inatumaliza? Nimechukua zile zinagusa utafiti wa misitu. Zile za ukungu wa avokado mtangoja mwezi ujao, msinikasirikie.

Habari mhariri. Niko Njoro upande wa juu, shamba letu linapakana na kijito kinaingia Mto Njoro. Marehemu baba alipanda blugamu kando ya maji kitambo, saizi imekuwa minene na broka wa milingoti ya stima ameshataja bei. Mdogo wangu anasema tukikata kijito kitakauka kwa sababu shuleni tulifundishwa msitu ndio chanzo cha maji. Watu wa kikundi cha maji nao wanasema blugamu ndio imekausha kijito na tuikate hata leo. Nani mkweli? Tunakaribia kukosana kwa hii maneno. – Msomaji, Njoro

Pole ndugu, mambo ya shamba la baba huwa hayakosi kelele. Hapo hakuna mwongo, ni vile kila mmoja anaongea juu ya mti wake.

Tuanze na kitu wapenda miti hawapendi kusikia: mti unakunywa. Mti wowote. Maji yanapandishwa na mizizi mpaka kwa majani halafu yanaenda na hewa, na mti unaokua mbio, wenye majani mwaka mzima na mizizi ya kwenda chini sana, unakunywa kushinda nyasi na kushinda mahindi. Na hii si porojo ya kijiweni, imepimwa. Afrika Kusini, mahali panaitwa Mokobulaan, watafiti walichukua bonde dogo lenye kijito wakalipanda mikaratusi, ndio hizi blugamu, mwaka wa 1969, halafu wakakaa hapo wanapima maji. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ikakatwa ikiwa na miaka 16, na maji hayakurudi hio wiki wala huo mwaka, yalirudi kama miaka mitano baadaye, kwa sababu mizizi ilikuwa imeshakula mpaka akiba ya chini kabisa na hio akiba ilibidi ijae kwanza ndio kijito kipate chake. Bonde la jirani walipanda paini, nalo likakauka, ila lilijikaza mpaka mwaka wa 12.

Sasa njoo hapa kwetu Kericho. Mwisho wa miaka ya 1950 watafiti wa Muguga, enzi hizo ni shirika la Afrika Mashariki nzima, walichukua mabonde mawili jirani, Lagan na Sambret. Lagan wakaiacha msitu vile ilikuwa, Sambret wakafyeka sehemu kubwa wakapanda majani chai, wakapima mvua na mto kwa miaka mingi. Mto wa Sambret haukukauka. Chai ikishakomaa ilitumia maji kidogo chini ya vile msitu ulikuwa unatumia. Najua kuna mtu ameshafurahi na anataka kukimbia na hio kauli kwa mkutano wa kugawana msitu, hebu ngoja kwanza. Hio chai ilipandwa kwa vipimo, na mitaro, na kingo za kuzuia udongo, na ikifunga udongo wote hauonekani. Mtu akifyeka msitu alafu alime mahindi kutoka juu ya kilima mpaka chini na ng'ombe wapite hapo kila siku, huo si utafiti wa Sambret, huo ni utafiti wake mwenyewe na matokeo yake tunayaona.

Kwa hivyo msitu hautengenezi maji. Kazi yake kubwa ni kuyaingiza chini. Kwa msitu wa kienyeji kuna majani yaliyooza, kuna mashimo ya mizizi ya kitambo na ya wadudu, mvua ikipiga inazama, inashuka polepole, ile kidogo miti haijakunywa inatokea kwa kijito Januari na Februari wakati kila mtu anahitaji. Ukitaka kujionea bila kuuliza profesa, chukua mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, toa mfuniko na kitako, uukandamize kwa udongo kama vidole viwili kwenda chini halafu umimine maji jagi moja na uhesabu dakika mpaka yaishe. Fanya hivyo chini ya hio blugamu yenu, fanya tena chini ya mti wa kienyeji penye majani yameoza, fanya ya tatu kwa njia ng'ombe wanapita. Kwa njia ya ng'ombe beba kiti. Na chini ya blugamu angalia vizuri, mara nyingi utapata magome yameanguka, majani makavu magumu, nyasi hakuna, na ukimwaga maji kwa udongo mkavu yanakusanyika kama tone juu ya sufuria yenye mafuta kabla yakubali kuingia. Yaani mti wenyewe unakunywa sana na sakafu yake haipokei vizuri. Hapo ndipo watu wa kikundi cha maji wana haki.

Lakini sitaki kuwa wale wa kusema blugamu ni shetani. Kwa kila kilo ya mbao inakupa haitumii maji kwa fujo, shida ni kwamba inatengeneza kilo nyingi sana kwa ekari, kwa hivyo jumla yake ndio inaumiza. Na kila mlingoti na kila mzigo wa kuni unatoka kwa shamba la mtu ni mti mmoja haujaibwa msitu wa Mau. Ipande juu, kwa mwinuko, mbali na maji, kwa ploti ambayo hukuwa unaitegemea kwa kisima. Marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira mwaka wa 2009 alipoamuru ing'olewe, alikuwa anasema juu ya ile iko kwa mito na sehemu za chemchemi, ingawa watu walisikia "blugamu imepigwa marufuku" wakaanza kukata hata za kwa mlima.

Ikateni, hio ndio jibu langu, lakini msikate yote siku moja mkaacha ukingo uchi, mvua ya Aprili itawabebea shamba. Anzeni na safu iliyo karibu na maji. Kisiki msipokishughulikia kitachipuka na baada ya miaka michache mko palepale, kwa hivyo ni kung'oa au kubandua gome mpaka chini na kukata machipukizi kila yakitokea. Hapo wekeni mzambarau wa kienyeji, huo unapenda maji na umezoea kingo za mito, mianzi, na mwiri ule wa dawa. Mwiri ukikatiwa hovyo ni kesi, biashara ya gome lake kimataifa inadhibitiwa tangu 1995, lakini kupanda hakuna anakushika. Kanuni za maji zinasema ukingo uachwe mita 6 mpaka 30 kulingana na ukubwa wa mto. Na kabla lori la broka liingie, pitieni kwa ofisi ya misitu muulize karatasi za kusafirisha, lori likishikwa barabarani broka huzima simu.

Mwambie mdogo wako asihesabu siku, kijito kinaweza kuchukua miaka kurudi.

Ni ukweli msitu unavuta mvua, ama hio ni ya vitabu? – Molo

Kidogo ukweli. Mvua yetu ya huku inaletwa hasa na pepo za bahari, unyevu wa upande wa Kongo na Ziwa Victoria lenyewe, ndio maana jioni mawingu yanajipanga kutoka ziwani yakigongana na upepo wa mashariki juu ya Nandi na Kericho mpaka inanyesha mawe. Msitu unarudisha hewani maji uliyokunywa na hayo yananyesha mahali pengine mbele, pia unapoza hewa. Lakini usitegemee ukipanda ekari mbili leo wingu litakuja kukutafuta wewe.

Sisi wa Ahero tumechoka. Kila mvua kubwa mto Nyando unakuja na matope rangi ya chai ya maziwa, inalala kwa nyumba, inazika mpunga. Kila NGO ikija inasema ni kwa sababu watu wa juu walikata miti. Wakipanda tutalala kavu? – Mkulima wa mpunga

Ndugu yangu wa Kano, nitakupa jibu mbili kwa sababu kwa barua yako kuna vitu viwili, maji na matope, na watu wanavichanganya.

Matope kwanza, hapo ushahidi uko wazi. Huko Kusini Magharibi mwa Mau, watafiti wa shirika la misitu la CIFOR pamoja na chuo cha Giessen cha Ujerumani waliweka mitambo kwa mito ya mabonde matatu, moja msitu wa asili, moja mashamba makubwa ya chai, moja mashamba madogo ya wananchi. Mitambo inasoma maji kila dakika 10, mchana na usiku. Mashamba madogo ndio yalitoa matope mengi zaidi, chai ikafuata, msitu ukatoa kidogo kabisa. Na si kulima peke yake, ni zile njia za ng'ombe na barabara za vumbi zinashuka moja kwa moja mpaka mtoni, mvua ikija zinakuwa mifereji. Huo si mto wako, hayo maji yanaenda Sondu, lakini Nyando inatoka milima ya Nandi, Tinderet na Londiani na tabia ni moja. Halafu ongeza makorongo ya huku chini. Kama hujafika Katuk Odeyo huko Nyakach nenda siku moja usimame kwa ukingo, si karibu sana, uone shamba la mtu limekatika wima kama ukuta wa nyumba na mizizi ya mti inaning'inia hewani. Ule udongo wote ulienda ziwani, na virutubisho vyake ndio magugu maji yanakula pale Ghuba ya Winam.

Kwa hivyo miti juu, na nyasi, na mitaro, na kufunga hizo njia za ng'ombe, itapunguza matope. Mto ukiwa na matope kidogo haujazi kitanda chake haraka, na hio peke yake inasaidia maji yasitoke nje.

Sasa maji yenyewe. Mvua za kawaida, zile za kupiga kwa muda wa saa moja alasiri, msitu unazimudu vizuri. Lakini ikinyesha wiki baada ya wiki mpaka udongo umeshiba, hata msitu hauna mahali pa kuweka. Wazee watakuambia juu ya mvua ya 1961, Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na wakati huo Mau ilikuwa bado haijaguswa vile iliguswa baadaye, pale serikali ilimega maelfu ya hekta mwaka wa 2001. Hata Ziwa Nakuru lile watu walikuwa wanatembea ndani yake miaka ya 90 likiwa vumbi, tangu kama 2010 limepanda mpaka likameza geti kuu la mbuga, na ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja mvua nyingi mbele ya mambo ya kukata miti, ingawa haikuacha kutaja udongo unaoshuka. Kwa hivyo yule wa NGO akikuambia miti ikipandwa Londiani utalala kavu, mwambie alale kwako Aprili. Bado mtahitaji kingo za mto zijengwe vizuri na nyumba zisogee, na hio ni pesa ya serikali, mche wa shilingi 20 hauwezi kuibeba.

Mimi ni mwalimu Shinyalu. Watafiti wanakuja msitu wa Kakamega kila mwaka, wazungu na Wakenya, wanahesabu nyani, wanahesabu vipepeo, wanaenda. Sisi tunabaki na askari wa msitu kutukimbiza tukiokota kuni. Huo utafiti unatusaidia na nini?

Mwalimu, swali lako lina uchungu na sitalipaka sukari. Ni kweli watafiti wengi huenda na data na kijiji hakisikii kitu tena. Lakini kuna moja ningependa usomee watoto darasani.

Kati ya kazi zilizofanywa hapo kwenu kuna ya Muo Kasina na wenzake, ilitoka 2009. Waliangalia mashamba madogo kuzunguka msitu, mazao kama maharagwe, kunde, njugu mawe, nyanya, karakara, pilipili hoho, alizeti, wakapima nyuki wakizuiwa kufikia maua unapata nini na wakiachwa unapata nini. Walikuta karibu asilimia 40 ya thamani ya hayo mazao kwa mwaka ni kazi ya nyuki. Si mbolea, si jembe, nyuki, na wengi wao si wale wa mzinga, ni wale wadogo wa porini wanaolala kwa vijiti vikavu na mashimo ya udongo. Sasa nyuki anataka mahali pa kulala na maua ya kula wakati maharagwe hayana maua, na hapo ndipo msitu na ua na vichaka vya mpakani vinaingia. Mtu anaweza kuishi mpakani miaka 50 na asijue mazao yake ya karakara yanalipwa na msitu ambao anakimbizwa ndani yake.

Ingine ni ya mipera. Mpera si wa kwetu, ulitoka Amerika, na watu wa mazingira huutazama kwa jicho baya. Lakini watafiti walipochungulia chini ya mipera iliyo kwa mashamba karibu na msitu wenu walikuta miche ya miti ya msituni imeota yenyewe. Ndege na tumbili huja kula pera, wakitoka wameacha mbegu za ndani ya msitu. Jaribu na watoto: nendeni chini ya mpera mmoja wa zamani ambao haujapaliliwa, mhesabu miche ya aina gani iko, ningeshangaa mkikosa kitu. Kwa mtu anataka kurudisha msitu na hana pesa ya nasari, mpera mmoja ambao haulimwi chini yake ni mfanyakazi hana mshahara.

Hao tumbili wa bluu wenyewe, pale Isecheno wamefuatiliwa tangu 1979, familia kwa familia, watafiti wanawajua kwa sura. Mimi hio huwa inanichekesha, kuna tumbili Kakamega ana historia ya ukoo iliyoandikwa vizuri kushinda yangu.

Kwa kuni na askari, sheria ya misitu ya 2016 inatambua vikundi vya jamii vya misitu, na kikundi kikiwa na mkataba mnaweza kuruhusiwa kuni kavu, malisho, mizizi ya mukombero, mizinga. Uliza kikundi chenu kama kina mkataba umetiwa sahihi au ni mihuri na fulana tu. Na mtafiti mwingine akija, mwambie kabla aondoke aje darasani saa moja aelezee alichopata mwaka uliopita. Wengi watakubali, hawajawahi kuulizwa.

Mbuzi wangu wamekula maganda ya mti wa mathenge, meno yanaoza. Kwani hii kitu si ni utafiti ilituletea? – Mogotio

Ndio, na hapo siwezi kuwatetea. Ililetwa Baringo miaka ya 1980 kama mti wa kuzuia jangwa na kutoa kuni, na kwa hizo kazi mbili ilishinda, shida ni kwamba haikujua kusimama. Wenyeji walienda kortini 2006 na wakabeba mbuzi hana meno kama ushahidi, nchi nzima ikacheka lakini mwenye mbuzi hakuwa anacheka. Sukari ya lile ganda inashika kwa fizi na kuozesha, na mbegu zinapita tumboni zikiwa hai, mbuzi anakuwa ndiye anakupandia. KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, baadaye walishauri maganda yasagwe kabisa kabla ya kulishwa, unga wake ni chakula kizuri na mbegu zinakuwa zimekufa. Kwa hivyo okota, kausha, saga, changanya kidogo na nyasi. Na iliyo ndogo ing'oe na mizizi saizi, ikishafika unene wa mkono itachipuka mpaka uchoke.

Nina robo ekari Luanda ya Vihiga, ng'ombe mmoja, mahindi imejaa gugu la kayongo, sukuma kidogo. Mnasema tupande miti. Niipande kwa kichwa? – Mama wa watoto wanne

Mama, umenichekesha lakini uko sawa, wengi wanaotoa hizo amri wana ekari 20.

Bahati yako uko karibu na Maseno, na hapo KEFRI na kituo cha kilimo cha miti cha ICRAF walifanya kazi ya mashamba kama yako miaka ya 90 na baadaye. Usifikirie msitu, fikiria mpaka. Kwa ua wako panda kaliandra, kichaka cha majani ya kulisha ng'ombe, kwa mstari, karibukaribu, ukate ikifika kifuani. Inaanza kukatwa kama mwaka mmoja hivi baada ya kupandwa. Majaribio ya Embu yalionyesha kilo tatu za kaliandra mbichi zinafanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe mmoja anatoshwa na kama miche 500, ambayo ikikaa kwa mpaka na kwa kingo za mitaro haikuli mahali pa mahindi. Usimpe hio peke yake, changanya na majani ya nepia.

Ya pili tayari unayo na hulipii. Ule mmea wa maua ya njano, majani machungu, umejaa kando ya barabara yote mpaka Kisumu, tithonia. Majani yake yakikauka yana kama asilimia 3.5 ya naitrojeni na potashi kushinda hio. Kata laini, katakata, fukia kwa shimo la sukuma, wiki moja kabla ya kupanda. Watafiti wenyewe walikiri kubeba tithonia ya kutosha mahindi ni kazi ya punda na hailipi, lakini kwa mboga ya kuuza inalipa. Kwa hivyo sukuma ipate tithonia, mahindi ipate mbolea ya ng'ombe.

Kwa kayongo, walikuwa wanapanda mti mdogo wa sesbania na kuiacha shamba msimu au zaidi, mizizi yake inadanganya mbegu za kayongo ziote zikose wa kunyonya zife. Inafanya kazi. Lakini kwa robo ekari na watoto wanne sitakuambia ulaze shamba msimu mzima, hio ni ushauri wa mtu ana chakula. Panda kipande kidogo tu pale pamezidi kabisa, na kuni ya sesbania utapikia.

Kuna vijana walikuja Bungoma na fomu, wanasema tukipanda miti tutalipwa pesa ya kaboni miaka 30. Tuweke sahihi? – Kikundi cha akina mama

Msiweke leo. Pesa ya kaboni, yaani kulipwa kwa ile hewa chafu miti na udongo wako unashika, ni kitu cha kweli, na Magharibi imewahi kufanyika: shirika la Vi Agroforestry walikuwa na mradi maeneo ya Kisumu na Kitale wa wakulima wadogo kutunza udongo na kupanda miti shambani, na mwaka wa 2014 ulipata hati za kaboni za udongo. Lakini ikigawanywa kwa maelfu ya wakulima, kila mtu anapata kidogo sana, faida kubwa ilikuwa mahindi kuongezeka kwa sababu ya udongo kutunzwa. Mtu akiwaambia itawajengea nyumba, mfungulieni geti atoke.

Waulizeni wako na kibali gani, nani anamiliki hio kaboni mkishaweka sahihi, mti ukifa au mkiukata kwa shida ya hospitali mtadaiwa nini, na mtoto akirithi shamba anafungwa na hio karatasi? Sheria ya tabianchi ilibadilishwa 2023, na mradi wa ardhi ya jamii au ya umma lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Kwa shamba lenye hati (title deed) yako mwenyewe ni mkataba kati yako na wao, kwa hivyo pelekeni hizo fomu kwa mtu wa sheria asiyelipwa na hao vijana. Miaka 30 ni mingi, wengine wetu hatutakuwa hapa kuuliza.

Siku ile ya likizo ya kupanda miti nilipanda 60 hapa mtaa wa Section 58 na karibu zote zimekufa. Ni mkosi? – Nakuru

Si mkosi, ni Januari. Likizo ilikuwa tarehe 13 Novemba 2023, mvua ya mwisho wa mwaka huku huisha mbio na mche wa wiki chache unaachwa kwa jua. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032, lakini mti uliokufa haujahesabiwa na mtu. Safari hii ngoja mvua ya Aprili ishike wiki mbili hivi, udongo uwe umelowa mpaka urefu wa mkono. Chagua mche umezoeshwa jua nasari, si ule umenyooka umekonda chini ya kivuli. Toa ile karatasi ya plastiki kabisa, watu wengi huichana tu kidogo, na mzizi uliojizungusha chini ukate kwa wembe. Weka majani makavu kuzunguka, yasiguse shina. Panda 15 ambayo unaweza kumwagilia Januari na maji ya kuoshea vyombo, na uwekee kila mmoja miiba, kwa sababu Section 58 mbuzi wa jirani wanatembea kama wenye ploti.